Kamera Iliyokuwa Ikikohoa

Mdiria akiwinda huning'inia hewani kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Anapiga mbawa papo hapo, kichwa kimetulia tuli, macho chini majini, na wewe uliye garini unapata muda wa kushika pumzi. Kisha anajiangusha. Kutoka juu hadi majini ni muda wa kusema "haya", na ukishamaliza kusema, yeye amesharudi kwenye kijiti chake anajikung'uta maji.

Asubuhi hiyo ya Julai nilikuwa Hyena Dam, ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Dirisha la gari limeshushwa, lenzi ya milimita 200 hadi 500 imelazwa juu ya mfuko wa maharagwe ya nyayo, mfuko ambao mama huniuliza kila mwezi utarudi jikoni lini. Saa moja na robo, ukungu bado umelalia nyasi. Mdiria akajiangusha. Nikabonyeza shuta na kuikandamiza.

Kamera yangu ni Nikon D500. Ilitangazwa 2016 na imeundwa kupiga fremu 10, yaani picha 10, kwa sekunde. Ikiwa na afya yake, mlio wake ni kama cherehani ya fundi wa Gikomba mwenye oda ya sare za shule. Nilichosikia mimi ni ka. Ka-ka. Kimya. Ka. Kama mzee anayekohoa usiku huku akijizuia asiamshe watu.

Nikafungua picha. Ya kwanza, ndege yuko angani. Ya pili, maji yanaruka. Ya tatu, bwawa tupu. Kile nilichoamkia saa kumi na moja alfajiri, mdomo ukigusa maji, kilipita kati ya picha ya kwanza na ya pili.

Nililaumu lenzi. Nani hangeilaumu? Niliinunua ikiwa imeshatumika, ina uzito wa kilo 2.3, na ukiigeuza juu chini unasikia kitu ndani kikigonga taratibu (baadaye nilijua ni vioo vya kidhibiti cha mtikisiko, na kwamba ndivyo vinavyokaa umeme ukiwa umezimwa). Tena nilikuwa na ushahidi. Usiku huohuo sebuleni nilivalisha kamera lenzi ndogo ya milimita 50, nikaielekeza kwenye rafu ya vitabu, nikabonyeza. Cherehani. Nikarudisha ile ndefu. Kikohozi. Kesi imekwisha, nikasema, na nikaanza kuwaza nitaiuza kwa nani bila kumdanganya.

Ushahidi ule ulinizungusha wiki mbili nzima, na kosa lake ni la kitoto. Lenzi ya milimita 50 ilikuwa imefunguliwa hadi f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa). Ile ndefu haifunguki zaidi ya f/5.6. Ukipiga hesabu, ile ndogo ilikuwa inaingiza mwanga karibu mara kumi ya ile kubwa. Mimi nilikuwa nimeiachia kamera ijichagulie kasi ya shuta, na ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, nimeifungia isipite 1600 kwa kuogopa chengachenga kwenye picha. Kwa hiyo kila nilipobadilisha lenzi, nilikuwa nimebadilisha pia kasi ya shuta, kiasi cha mwanga unaofikia mfumo wa fokasi, na umbali ambao vioo vya ndani vinatakiwa kusafiri. Nilidhani nalinganisha lenzi na lenzi. Nilikuwa nalinganisha mchana na usiku.

Aliyenitoa gizani ni fundi mmoja wa ghorofani karibu na Luthuli Avenue, mzee wa Pwani aliyekuja Nairobi kutengeneza redio, na kamera zikamfuata mwenyewe. Chumba chake kinanuka lehemu na kahawa ya tangawizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kimekufa nini?"

"Lenzi. Inachelewesha kamera."

Hakuigusa. Alifuta tu mikono kwa kitambaa. "Hebu piga nisikie."

Nikaelekeza kwenye kona yenye kivuli, palipolala magamba ya redio. Ka. Ka-ka. Ka.

"Tena."

Ka-ka. Kimya. Ka.

"Sasa zima hiyo fokasi." Nikasukuma swichi ya pembeni mwa lenzi kwenda M, fokasi ya mkono. "Piga."

Cherehani.

Akarudi kukaa. "Lenzi yako imefufuka. Una deni la chai."

Nilitaka kubisha, maana nilikuwa nimejiandaa kupokea habari za msiba. Akaniambia jambo ambalo hadi leo ndilo la kwanza ninalomwambia mtu akiniletea malalamiko ya aina hii: usiangalie kamera, isikilize. Kuna kamera inayokohoa tangu picha ya kwanza, bila mpangilio. Kuna inayotembea polepole lakini kwa hatua sawasawa, kama askari wa gwaride. Na kuna inayoanza mbio halafu inakabwa, kama mtoto aliyetia ugali mwingi mdomoni. Ugonjwa wa hii si wa ile, na dawa ya hii haimponyi yule. Watu wengi hununua kadi ya bei kubwa kutibu kikohozi, alisema, na wengine hubadilisha lenzi kwa sababu ya kukabwa.

Nililipa chai, na mahamri juu.

Kurudi nyumbani South B nilifanya alichoniagiza: jaribu jambo moja moja, na rekodi sauti. Simu yoyote inatosha. Niliiweka kwenye ukingo wa baraza, nikawasha kinasa sauti, nikapiga kwa sekunde 3, kisha nikasikiliza huku nikitia vijistari kwenye karatasi. Ukipata vijistari 30 kamera yangu ni nzima. Wasioweza kuhesabu kwa sikio wanaweza kufungua taarifa za picha na kuhesabu ngapi zimeandikwa sekunde ileile, ila mimi napendelea sauti kwa sababu inakuonyesha pia mpangilio. Jumla ya 18 kwa hatua sawa na jumla ya 18 kwa kurukaruka ni habari mbili.

Kabla ya chochote niliangalia gurudumu la juu, kushoto, lile la kuchagua namna ya kupiga. Herufi zake CL (mfululizo wa polepole) na CH (wa kasi) zinakaribiana, na ukiwa kwenye CL kamera hii huja kutoka kiwandani ikiwa imewekewa fremu 5 kwa sekunde. Najua mtu aliyekaa mwezi mzima akilia na kumbe gurudumu lilisukumwa na zipu ya mkoba. Langu lilikuwa mahali pake. Afadhali ningelikuta limeteleza, aibu ingeisha mapema.

Lenzi ndefu, fokasi imezimwa, kidhibiti cha mtikisiko kimezimwa, shuta 1/1000 ya sekunde: vijistari 30. Basi mitambo yote miwili ni salama, kamera na lenzi. Hilo pekee lilinipa usingizi.

Nikarudisha fokasi na kuwasubiri mwewe, ambao huku kwetu hawakosekani; wanazunguka juu ya majalala na vibanda vya nyama choma tangu asubuhi. Mwewe mweusi mbele ya wingu la kijivu la Julai. Vijistari 13, vimetapakaa kama mbegu zilizomwagika. Hapo ndipo nilipofungua menyu ya mipangilio maalumu, kipengele cha kwanza kabisa, a1, kinachoiuliza kamera: ukiwa kwenye fokasi ya kufuatilia, upe kipaumbele kuachilia shuta au kupata fokasi? Changu kilikuwa kwenye fokasi. Yaani niliiamuru kamera isipige picha yoyote mpaka iwe na hakika. Na yenyewe, kwa utii wa ajabu, ilikuwa inatii.

Aliyeiweka pale ni nani? Mimi. Nilikumbuka siku. Ilikuwa Kasarani, ukumbi wa ndani, mpira wa wavu. Mwanga wa mle ulinitesa kwa njia mbili. Kwanza picha nyingi zilikuwa na ukungu wa fokasi, nikaingia a1 wakati wa mapumziko na kuibadilisha. Pili, katika mfululizo mmoja picha moja ingetoka nyeupe safi, inayofuata ya njano, ya tatu nusu yake ina giza. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na taa za aina ile hupepesa mara mbili ya hapo, mara 100. Jicho halioni, shuta ya 1/1000 inaona vizuri sana. Kamera ina chaguo la kupunguza athari hiyo: inausoma mpepeso na kusubiri taa ifike kileleni ndipo ifungue shuta. Niliiwasha, rangi zikatulia. Lakini kusubiri ni kusubiri. Kijitabu cha kamera chenyewe kinaonya kwamba kasi inaweza kushuka. Siku ile niliisikia ikishuka na sikujali, maana picha 7 za rangi moja ni bora kuliko 10 za rangi saba. Kosa langu ni kuondoka Kasarani na mipangilio ya Kasarani mfukoni na kwenda nayo mbugani.

Sasa, kwa nini lenzi ndefu ndiyo iumie zaidi kwa agizo lile la a1? Hapa panahitaji kukaa kidogo.

Fremu 10 kwa sekunde maana yake kila fremu imepewa milisekunde 100 na si zaidi. Katika hizo, kioo cha ndani ya kamera, kile kinachorusha mwanga kwenye kitazamio, kinainuka, tundu la lenzi linafunga hadi pale ulipoagiza, shuta inafunguka na kufunga, kioo kinashuka, kinatulia. Kamera za kioo kama yangu zina chombo cha fokasi chini ya sakafu ya kioo, na kinapata mwanga pale tu kioo kikiwa chini. Kwa hiyo kati ya picha na picha kuna kijidirisha kidogo ambamo kamera inafumbua jicho, inapima ndege yuko wapi, inakisia atakuwa wapi, na kuiamuru mota ya lenzi isogeze vioo. Kwa lenzi ya milimita 50, kosa dogo la kupima halionekani. Kwa milimita 500, ambayo kwenye kihisi cha kamera hii inakuwa kama 750 ya filamu ya zamani, eneo lililo wazi ni jembamba sana, na mwewe anayekujia anaweza kulipita kati ya fremu mbili. Ongeza mwanga wa f/5.6 siku ya mawingu, ongeza ndege asiye na mistari wala madoa ya kushikika, na kijidirisha kile hakitoshi. Kamera inauliza, "nimempata?" Inajijibu, "bado." Inasubiri. Ndicho kikohozi.

Nikaibadilisha a1 iachilie shuta kwanza. Vijistari 27. Picha chache kati ya hizo zilikuwa na ukungu, sitakudanganya, lakini zilizo safi zilikuwa nyingi kuliko zote nilizopata nilipoilazimisha kamera iwe na hakika.

Kuna swichi nyingine kwenye lenzi hii ambayo sikuwahi kuigusa, ya kuwekea mipaka safari ya fokasi: nzima, au kuanzia mita 6 hadi mbali kabisa. Ikiwa kwenye nzima, lenzi inayompoteza ndege inaweza kwenda kumtafuta hadi mita 2.2 kutoka puani kwako, ndipo igeuke kurudi. Mwewe hayuko mita 2.2. Kuisogeza swichi hiyo hakukuongeza vijistari nikiwa nimemshika ndege, ila nikimpoteza, kumpata tena kulikuwa kwepesi kiasi cha kunifanya nijione mjinga wa miaka miwili.

Swichi ya kidhibiti cha mtikisiko nayo ina mambo yake. Ina NORMAL na SPORT, na mimi nilidhani SPORT ni ya wapiga picha za michezo, yaani si ya ndege. Watengenezaji wanaeleza kwamba kwenye SPORT kasi ya mfululizo na uchelewaji wa shuta hukaribiana na pale kidhibiti kikiwa kimezimwa. Barazani tofauti ya vijistari ilikuwa ndogo. Tofauti kubwa niliiona kwenye kitazamio: kwenye NORMAL, ndege alikuwa anaruka kidogo kila baada ya fremu, kama basi linalobadilisha gia vibaya; kwenye SPORT alitulia. Na ndege akitulia kwenye kitazamio, mkono wako unamfuata vizuri, na fokasi nayo inamshika.

Halafu kuna Julai yenyewe. Sisi wa Nairobi tunajua: kuanzia mwisho wa Juni mawingu yanashuka, na unaweza kukaa siku tano bila kuona kivuli chako. Ile kasi ya fremu 10 inayoandikwa kwenye boksi imepimwa kwa masharti, na mojawapo ni shuta ya 1/250 au kali zaidi. Asubuhi ile ya Hyena Dam taarifa za picha zinasema 1/80. Hesabu yake ni rahisi. 1/80 inakula milisekunde 12.5 kati ya zile 100. Si balaa, ni mtu aliyechelewa kidogo kikaoni. Lakini shuka hadi 1/20, kama nilivyowahi kufanya chini ya miti ya Arboretum nikimfukuza tumbili, na nusu nzima ya muda imeliwa na shuta peke yake. Hapo ndipo utasikia mlio wa gwaride: polepole, sawasawa, bila kukohoa. Ukisikia huo, usihangaike na fokasi. Pandisha ISO. Chengachenga nilizoziogopa zinapunguzwa na programu ya kompyuta. Ndege aliyekosekana haletwi na programu yoyote, na mtu akikuletea amemchora.

Kijitabu kinataja wachelewashaji wengine ambao ni rahisi kuwasahau: betri iliyoisha nguvu, ISO ya kujiendesha, na tundu lililobanwa sana. Hili la tundu linawahusu zaidi wanaopenda f/16 na f/22. Bledi zinazobana tundu zina safari ndefu ya kwenda na kurudi kila fremu, na kwenye lenzi nyingi za zamani za Nikon zinasukumwa na kijiti cha chuma kutoka ndani ya kamera, wakati yangu ina herufi E na inaziendesha kwa umeme. Sijui kwa nini mtu ampige ndege kwa f/22, lakini Nairobi ina kila aina ya watu.

Nimesema sana juu ya kikohozi. Kukabwa nilikutana nako kwingine, kwenye raga.

Uwanja wa RFUEA, Ngong Road, wachezaji saba kwa saba, mchana wenye jua. Mchezaji akatoboa kati ya wawili na kuanza kukimbia kuelekea mstari, mita hamsini mbele yake hakuna mtu. Nikabonyeza. Cherehani nzuri, cherehani, cherehani, kisha kama mtu ameukanyaga waya wake: ka. Ka. Ka. Akafunga trai mimi nikiwa nimemkamata akiwa katikati ya uwanja, na picha iliyofuata tayari anakumbatiwa.

Mlio ulishanijibu kabla sijashusha kamera. Ilianza vizuri ikakabwa. Basi tatizo ni kumeza. Picha zinatoka kwenye kihisi na kuingia kwanza kwenye bafa, ile kumbukumbu ya muda ndani ya kamera, ndipo ziandikwe kwenye kadi. Faili moja la RAW, picha ghafi, la kamera hii lina takriban megabaiti 25. Kwa fremu 10 ni megabaiti 250 kila sekunde. D500 ina nafasi mbili za kadi, ya XQD na ya SD, na ikipewa XQD ya kasi inaweza kufika fremu 200 mfululizo bila kuhema. Yangu ilikuwa na XQD nzuri tu. Lakini kwenye nafasi ya pili nilikuwa nimechomeka SD, nikaagiza kila picha inakiliwe huko iwe akiba. Ukifanya hivyo, kamera inatembea kwa mwendo wa kadi iliyo goigoi. Kadi ya SD ya UHS-I, ile ya njia ya data ya kizazi cha kwanza, hata iwe bora namna gani, kikomo cha njia yake ni megabaiti 104 kwa sekunde. Unamimina ndoo mbili na nusu kwenye mfereji wa ndoo moja.

Nayo haikuwa bora. Niliinunua mjini, kwenye duka la ngazini ambalo sitalitaja, usoni imeandikwa tarakimu kubwa ya kutisha. Tarakimu hiyo kwa kawaida ni kasi ya kusoma, si ya kuandika. Cha kutazama ni ile V ndogo: V30 inaahidi kuandika kwa angalau megabaiti 30 kwa sekunde bila kushuka, V60 ni 60, V90 ni 90. Kisha igeuze. Kadi ya UHS-II ina safu mbili za meno ya dhahabu mgongoni, ya UHS-I ina safu moja. Muuzaji anaweza kuchapisha stika yoyote upande wa mbele. Safu ya pili ya meno haichapishwi. Yangu usoni ilijidai ni UHS-II. Niliigeuza palepale kwenye viti vya uwanjani. Safu moja. Nyumbani nikaijaza yote kwa programu ya H2testw, inayoandika data mpaka kadi ifurike kisha kuisoma tena, na ikagundulika kwamba hata ukubwa ilioandikiwa haina. Ninayo bado. Naitumia kukwangua barafu kwenye friji.

Ukitaka kujua bafa imebaki kiasi gani, bonyeza shuta nusu na utazame kona ya kitazamio: herufi r na namba. Ikifika r00 umekabwa, subiri umeze. Siku hizi kwenye raga naachilia kidole kila baada ya sekunde moja hivi hata nikiwa na nafasi. Kushikilia tu mpaka mwisho ni uvivu, na usiku unakuja kuulipia kwa kufuta picha 1,400 za migongo ya waamuzi.

Pale uwanjani husimama na dada mmoja wa Kariobangi anayepigia picha klabu mbili tatu, mwenye kamera ya kisasa isiyo na kioo, Canon R6. Alinicheka kwa sauti niliposimulia habari za kioo na milisekunde. "Kaka, hiyo ni cherehani kweli. Mimi sina hizo shida." Nikamwambia kutokuwa na kioo si kutokuwa na masharti. Sony wanaweka kikomo cha fremu 15 kwa sekunde kwa lenzi za watengenezaji wengine, hata kwenye kamera zao zinazoweza 20 au 30. Hapo hata umlilie fundi gani, hakuna cha kurekebisha. Na hiyo R6 inafika fremu 12 za shuta ya kawaida ikiwa tu ina betri ya kizazi kipya, kama LP-E6NH, yenye chaji ya kutosha, lenzi inayoikubali, shuta kali, na ile kazi ya mpepeso wa taa imezimwa. Kamera yenyewe inakuambia: alama ya mfululizo wa kasi ikiwa ya kijani, una kila kitu, ikigeuka nyeupe, kuna kitu umepunguziwa. Akasema ndiyo ndiyo, akaenda kununua mahindi ya kuchoma.

Mbugani nilirudi Jumapili ya pili ya Agosti, na maharagwe yaleyale. Shuta 1/2000, ISO nimeiachia ipande inakotaka, a1 kwenye kuachilia, swichi ya mipaka kwenye mita 6, SPORT, na nafasi ya pili ya kadi tupu. Treni ya SGR ilipita juu ya daraja lake nyuma yangu, mdiria hakujali. Alipojiangusha nilisikia cherehani mwanzo hadi mwisho. Fremu 8. Kwenye ya tano mdomo umegusa maji na duara dogo limeanza kufunguka kuuzunguka, kama kitufe kinachopita kwenye tundu. Kwenye ya nane anatoka mtupu, hana samaki.

Jumamosi iliyofuata sikuweza kwenda raga. Saa tisa alasiri ujumbe wa sauti ukaingia WhatsApp kutoka kwa yule dada. Nikaufungua nikidhani ni matokeo. Hakukuwa na neno. Ni kelele za mashabiki kwa mbali na shuta ikilia karibu na simu, sekunde 3 kamili. Nikachukua kalamu. Vijistari 21, sawasawa, kama gwaride.

Nikamwandikia: "Alama ni rangi gani?"

Akakaa kidogo. "Nyeupe."

"Na betri?"

"Hii ya zamani. Ile mpya nimemwazima mtu."